Liborio Kaacha

Katika mtaa wa Capo, mjini Palermo, hakuna hukumu iliyoogopwa kama maneno mawili: Liborio kaacha. Hakimu akikufunga, utakata rufaa. Padri akikunyima komunyo, utahamia parokia ya jirani. Lakini Liborio Cangemi akiingia kwenye mgahawa wako, akang'ata mara moja, akaweka chini, kisha akafuta vidole kimoja kimoja bila kukutazama usoni, basi wewe anza kutafuta kazi nyingine. Kabla hajafika mlangoni, habari ilikuwa imeshafika kwa wauza samaki, ikashuka kwa wauza zeituni, ikazunguka kanisa. Watu waliokuwa wakila kwako tangu wabatizwe wangepita wakitazama upande wa pili.

"Kasemaje?" wangeulizana.

"Kasema afadhali ya Gesualdo."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, hana jingine. Gesualdo ni mkaangaji wa kona ya chini ya soko, mtu mnene asiyesema na mtu, na ndiye pekee ambaye Liborio alipata kumsifu tangu awe na meno.

Liborio mwenyewe hakuwa mtu wa maana kwa kumtazama. Mwembamba, masharubu yaliyopauka, koti moja la kahawia kwa majira yote. Maisha yake yote aliuza mkate wa wengu chini ya ukuta wa kanisa: wengu na mapafu ya ndama yaliyochemshwa, yakakatwa vipande, yakakaangwa kwenye mafuta ya nguruwe, yakatiwa ndani ya mkate wenye ufuta na kukamuliwa limau. Asubuhi alilipeleka karai lake kwenye mkokoteni wa punda, na punda alipokufa akausukuma mwenyewe. Siku moja mtalii alimwomba atie mayonezi. Liborio alimrudishia pesa zake, akamwonyesha kwa kidole njia ya kwenda stesheni ya treni.

Alipostaafu, mikono ikakosa kazi, basi kazi yote ikahamia mdomoni. Alianza kuzunguka kwenye migahawa. Ule wenye picha za chakula mlangoni hakuingia kabisa. "Hata makaburini huwa wanabandika picha," alisema, "ili ujue aliyemo ndani hali tena." Pale walipomletea caponata, yaani biringanya za siki na sukari, ndani ya kikombe cha kioo kisichozidi kidole gumba, aliinua kikombe kwenye mwanga akamuuliza mhudumu, "Hii niipeleke maabara, au nyie mmeshapima?" Na walipompa tambi za dagaa zisizo na shamari mwitu, alikunja leso akasema aliyezipika apelekwe kaskazini, kwa wale wanaosonga ugali wa mahindi na kuuita karamu.

Tuseme ukweli, miaka hiyo alikuwa na haki. Ulimi wake haukuwa wa mchezo. Alijua mafuta ya jana kwa harufu akiwa bado barabarani. Alijua dagaa waliolala kwenye barafu. Alijua nyanya ya mkebe hata ukiificha chini ya majani ya basili ya shamba zima. Na sisi wa Capo, ambao tangu hapo ni wavivu wa kufikiri, tulifurahi kupata mtu wa kutuonjea. Tulimfuata kama kondoo, na kondoo wa mbele alikuwa Cosimo Buscemi, kinyozi, ambaye alifunga duka lake kila Liborio alipovaa koti, ili asipitwe na uhondo.

Kisha majira ya baridi ya mwaka juzi Liborio akashikwa na mafua. Homa ikamlaza, akapona, akainuka, akachemsha kahawa. Akanywa. Maji ya moto. Akaenda kumgombeza muuza kahawa. Aliporudi akamenya chungwa, hamna kitu. Akaingiza pua ndani ya mtungi wa vitunguu saumu mpaka masharubu yakalowa, hamna kitu. Chumvi aliisikia, ukali wa siki aliusikia, sukari aliisikia, moto aliusikia. Yaliyobaki yote, yale yanayofanya chakula kiwe chakula, yalikuwa yameondoka bila kuaga.

Daktari alimwambia mishipa ya kunusia imekufa. "Inaweza kurudi, inaweza isirudi."

"Lini?"

"Nimesema inaweza isirudi, mzee."

Mtu mwenye akili angetoka pale akasema. Watu wangempa pole, wangemletea supu, habari ingekwisha. Lakini Liborio hakuwa na kitu kingine duniani ila ulimi. Mkewe alikuwa amekufa, mtoto yuko mbali, karai ameliuza. Alijifungia ndani, na Jumapili Cosimo akaja kumgongea: kumefunguliwa mgahawa mpya karibu na lango la soko, watu wanamsubiri.

Akaenda. Wakamwekea dagaa waliojazwa na kukunjwa. Akang'ata. Kitu laini, chenye chumvi, basi. Mgahawa mzima ulikuwa unamtazama mdomo. Akisema ni wazuri, na kumbe wameoza? Akaweka chini, akafuta vidole, akasema, "Afadhali ya Gesualdo."

"Nilijua!" Cosimo akadakia. "Mimi harufu niliisikia tangu mlangoni!"

Hapo ndipo Liborio alipojifunza kile ambacho kila mwoga mwenye mdomo hujifunza mapema au baadaye: anayesifu huweza kuumbuka, anayeponda hakamatwi. Tangu siku hiyo hakusifu kitu. Aliponda wazuri kwa wabaya. Kwa Gesualdo hakukanyaga tena, asije akalazimika kula pale na kutoa neno. Watu walipouliza kwa nini, alisema anawaachia nafasi wanaohitaji kujifunza. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mpishi mmoja mzee, aliyekaanga panelle zake za unga wa dengu bila kosa tangu ujana, alifunga duka akaenda kukaa kwa dada yake. Hakuna aliyejiuliza. Tulisema, mzee yule alikuwa ameshaanza kuharibu, na Liborio kaligundua.

Mwaka huu mtoto wake akarudi.

Ninfa alikuwa mtoto pekee. Alikuwa amepika kwenye jiko la hoteli huko Turin kwa miaka, na kila Krismasi Liborio alimwambia kwenye simu kwamba hali yake ni njema, kisha akikata simu anakaa kwenye giza na koti lake. Alimpenda mtoto huyo kuliko macho yake, ila hakuwahi kupata namna ya kulisema bila kuliwekea dosari. Ninfa aliporudi na masanduku mawili na kusema anataka kufungua mgahawa Capo, baba yake alivua ufunguo kiunoni akampa banda la yule punda aliyekufa, akaenda zake. Ninfa alipaka chokaa, akaweka meza, akaning'iniza picha ya marehemu mama yake juu ya jiko. Septemba akafungua.

Siku ya kwanza Liborio alikaa meza ya katikati, Cosimo pembeni yake. Ninfa akaleta caponata, ile ya mama yake hasa, aliyokuwa akiipika tangu alfajiri. Alisimama na mwiko mkononi kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Liborio akang'ata. Ukali, utamu, kisha ukuta. Akamtazama mwanawe usoni. Kama caponata hii ilikuwa mbaya naye akaisifu, Capo nzima ingesema mzee anambeba bintiye. Kama ilikuwa nzuri, angejuaje? Angeweza kumshika mkono pale pale, akamwambia. Hakumshika. Aliweka uma chini, akafuta kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Afadhali ya Gesualdo."

"Gesualdo hapiki caponata, baba."

"Angepika, ingekuwa afadhali."

Cosimo alicheka mpaka akapaliwa. Jioni hiyo hiyo soko zima lilikuwa linarudia: hata bintiye kaachiwa sahani! Kuna waliomsifu kwa haki yake isiyojua damu. Haki gani? Ulikuwa woga mtupu uliovaa koti la kahawia.

Capo ikamsusia Ninfa. Waliokuja ni watalii, wanapiga picha sahani mpaka ipoe, kisha wanaomba jibini la unga waimwagie juu ya samaki. Ninfa alivumilia mpaka Desemba ilipoingia. Siku moja alimfuata baba yake nyumbani, hakukaa hata kitini.

"Baba, baada ya sikukuu ya Santa Lucia narudi Turin. Tiketi ninayo."

"Tiketi ya nini? Si ndo kwanza umefungua?"

"Siku ya Santa Lucia Palermo nzima iko barabarani inatafuta arancine. Wakija watu wa Capo, nabaki. Wasipokuja, chukua banda lako urudishe punda."

"Kwani mimi nimemzuia mtu?"

"Baba!"

"Mimi nasema tu kile ulimi unachoniambia." Alilisema hilo akitazama dirishani. "Nitakuja kula."

"Wewe huli. Wewe unang'ata."

Mkesha wa sikukuu Liborio alikwenda kanisani, akapiga magoti mbele ya Santa Lucia aliyeshika macho yake kwenye kisahani. Alimwomba ampe pua, japo kwa siku moja. Tatizo ni kwamba Santa Lucia ni mlinzi wa macho, pua si idara yake. Alirudi nyumbani akinusa kola ya koti njia nzima, asisikie kitu.

Asubuhi ya tarehe kumi na tatu Palermo haigusi mkate wala tambi. Zamani mji ulikuwa na njaa, mtakatifu akaleta meli ya ngano siku yake, na watu kwa pupa wakaichemsha bila kuisaga. Kwa heshima hiyo hatuli unga. Tunakula arancine: madonge ya wali wa zafarani, makubwa kama machungwa, yaliyojazwa nyama na njegere, yakavingirishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Ndiyo, chenga za mkate. Mji mzima unanyima tumbo mkate kwa ajili ya mtakatifu, kisha unajaza mashavu mkate uliosagwa, na ukithubutu kulitaja hilo mezani utaulizwa kama wewe ni wa Catania, mji wa wapinzani wetu. Ndio watu wetu hao. Msishangae yaliyofuata.

Foleni ilikuwepo mbele ya banda la Ninfa, hilo lazima lisemwe. Hawakuja kununua. Walikuja kuona. Mbele kabisa alisimama Mama Crocifissa, mjane wa muuza samaki, mwanamke mwenye sauti iliyozoea soko, na kikapu mkononi ambacho hakuwa na nia ya kukijaza mpaka Liborio aseme. Ndani, meza ya katikati, Liborio na Cosimo walikuwa wameshakaa.

Na jikoni gesi ikaisha.

Madonge yalikuwa yamepangwa kwenye trei, meupe, mabichi, mafuta ndiyo kwanza yanaanza kupata moto, na moto ukazimika. Ninfa akampigia simu muuza mitungi, akaambiwa anakuja. Akachungulia: baba yake anagonga kidole mezani, foleni inanyoosha shingo. Kila dakika meza ile ilivyokaa tupu, watu walikuwa wanaanza kutabasamu. Ndipo Ninfa alipotoka kwa mlango wa nyuma, akakimbia hadi kona ya chini, akanunua arancine mbili kwa Gesualdo.

Hakutaka kumdanganya mtu kwa muda mrefu. Alitaka kujaza meza mpaka gesi ije, baadaye angesema. Na tuseme lote: alitaka, kabla ya kuondoka, amwone baba yake akimeza kitu kwa raha mezani kwake, hata kama kimepikwa na mwingine. Akaziweka kwenye sahani zake, akazipeleka.

Liborio akainua moja. Akaizungusha. Akang'ata. Foleni yote ikaacha kupumua.

Akaweka chini. Akafuta vidole.

"Ninfa, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "zafarani umeitia au umeionyesha tu picha yake? Wali huu ni wa kubandikia vigae. Nyama sijui ya mnyama gani, na huyo mnyama naye nadhani alikuwa hajijui. Afadhali ya Gesualdo. Mara mia afadhali ya Gesualdo!"

"Kaacha!" Cosimo alisharuka mlangoni. "Jamani, Liborio kaacha!"

Ninfa hakulia. Alibaki amesimama, anaitazama ile arancina yenye alama ya meno, kisha akamtazama baba yake kwa muda, kama mtu anayehesabu upya mambo ya zamani. Akamshika mkono wa koti.

"Njoo jikoni."

"Ninfa, usinifanyie kisa mbele za watu."

"Njoo."

Jikoni akafunga mlango. "Fumba macho."

"Mimi si mtoto."

"Nimesema fumba."

Akafumba. Ninfa akainama, akachukua kitu kutoka kwenye ndoo, akakiweka chini ya masharubu yake. "Hiki nini?"

Liborio akavuta pumzi ndefu. Hakusikia kitu, kama siku zote. Akakumbuka alipo na siku iliyopo, akabahatisha. "Zafarani," akasema. "Lakini ya bei rahisi."

"Fumbua."

Lilikuwa tambara la kupigia deki, limelowa maji ya samaki wa juzi.

Mzee akalitazama tambara.

"Zile arancine ni za Gesualdo, baba. Gesi imeisha. Nimezinunua kwa Gesualdo sasa hivi, kwa miguu yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Tangu lini?"

"Mafua ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na caponata ya mama?"

Liborio akaitazama picha ya marehemu juu ya jiko.

"Hukuisikia. Mimi nikakaa humu ndani nimeikumbatia ile sufuria nalia, nasema nimesahau mkono wa mama yangu. Nikaipika tena. Nikaipika mara ngapi sijui, natafuta kosa. Kosa lilikuwa kwenye pua yako!"

"Ningesemaje, Ninfa?"

"'Mwanangu, sisikii ladha.' Maneno matatu. Watu mia umewapa maneno, mimi umekosa matatu?" Akalitupa tambara ndooni. "Nilidhani unanidharau kwa sababu unajua. Kumbe unanidharau na hujui chochote. Bora ungekuwa mkatili tu, baba. Wewe ni mwoga."

Nje, muuza mitungi alikuwa anagonga mlango wa nyuma. Ninfa akaenda kumfungulia, na bila kugeuka akasema, "Nenda kawaambie. Hawa waliopo nje. Mimi nimeshakuambia, tiketi ninayo."

Liborio akatoka. Tangu azaliwe hakuwahi kuwaomba watu wa Capo kitu, kwa sababu hakuwahi kuwahitaji. Sasa alisimama kwenye kizingiti, na foleni ikanyamaza kupokea tusi jipya.

"Watu wangu," akaanza. "Mimi sisikii ladha. Tangu mafua ya mwaka juzi. Sijui zafarani, sijui nyama, sijui kitu. Nimewadanganya wote. Chakula cha mwanangu sijakionja. Msinisikilize."

Mama Crocifissa akaangua kicheko, kikapu kikaanguka.

"Yesu na Maria! Mmemsikia? Hizo arancine zimemuua mpaka ulimi!"

"Hii kali kuliko zote!" Cosimo akapiga paja. "Anasema hasikii ladha! Don Liborio, baba yangu, wewe hufi!"

"Nasema kweli, pumbavu wewe!"

"Tunajua, tunajua, Don Liborio. Hakuna ladha kabisa. Tumekuelewa!"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Liborio alikuwa amefika mwisho wake na akakuta pameziba. Kwa miaka miwili walimeza kila uongo aliowatemea, na siku aliposema kweli wakaipigia makofi kama kichekesho. Wakaanza kuondoka, wawili wawili, wakirudiana neno lake jipya, wakielekea kona ya chini kwa Gesualdo. Aliwadharau kwa moyo wake wote. Kisha akakumbuka nani aliyewafundisha.

Nyuma yake mafuta yakaanza kulia. Ninfa alitokea na trei ya kwanza, arancine zake mwenyewe, za rangi ya dhahabu iliyoiva, zinatoa moshi. Aliona barabara inavyobaki tupu. Akaiweka trei mezani, akasema kwa kuchoka, "Umeshawaambia, naona."

Liborio alichukua kiti, akakitoa nje, akakiweka barabarani mbele ya mlango. Akarudi akachukua trei yote, akaipakata magotini. Akainua arancina moja, akang'ata.

Hakuna aliyegeuka. Kung'ata kwake walikuwa wamekuzoea.

Akang'ata tena.

Mvulana wa samaki wa jirani ndiye aliyeona kwanza, akamvuta mtu shati. Mtu yule akamgusa mwenzake. "Kang'ata mara ya pili," wakanong'ona. Mama Crocifissa akasimama katikati ya njia. Hakuna mtu hai katika Capo aliyewahi kumwona Liborio Cangemi aking'ata mara ya pili nje ya nyumba yake.

Wali ulikuwa wa moto, ulimuunguza kaakaa. Alisikia ukoko mgumu ukivunjika, kisha ulaini, kisha uzi wa jibini ukamnasa kidevuni. Basi. Ladha hakuna. Alitafuna kama anayetafuna sufi ya godoro, macho yakimtoka machozi kwa moto na kwa mengine, akamaliza, akalamba chenga zote viganjani. Akachukua ya pili.

"Don Liborio," Mama Crocifissa alikuwa amesharudi mpaka mbele yake, sauti imepungua. "Vipi?"

"Niache nile, mama."

Hilo lilitosha. Ukweli waliukataa, mashavu wakayaamini. Mama Crocifissa akageuka akaingia ndani akitanguliza kikapu, na nyuma yake Cosimo, aliyekuwa akiwaeleza watu kwamba yeye harufu ya zafarani aliisikia tangu alfajiri akiwa kitandani. Foleni ilirudi, ikapita kisima, ikakunja kona. Liborio alikula ya tatu, na ya nne, tumbo likimuuma, hakuthubutu kuinuka. Kila alipopunguza mwendo mtu alipunguza mwendo kwenye foleni.

Mchana wali uliisha, watu wakatawanyika wakijipapasa matumbo. Ninfa akatoka akijifuta mikono kwenye aproni, akaketi ukingoni mwa kizingiti. Kwenye trei ilibaki arancina moja, imepoa.

Liborio aliitazama, akamtazama yeye. Maisha yake yote watu walimuuliza yeye. Sasa yeye ndiye wa kuuliza.

"Ninfa," akasema. "Zikoje?"

Ninfa akaichukua. Akaizungusha polepole kwenye mwanga. Akang'ata mara moja, akatafuna bila haraka, na baba yake akiwa ameinama mbele anamtazama mdomo, mikono imebana magoti. Akaiweka chini. Akafuta kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Afadhali ya Gesualdo," akasema.

Mkuki kwa nguruwe. Liborio alisubiri acheke. Ninfa hakucheka. Aliinuka, akampigia kelele muuza mitungi aliyekuwa akipita na mkokoteni wake kwamba kesho alete miwili, asimchezee tena, kisha akaingia ndani kuosha karai lake la kukaangia.

Liborio alibaki barabarani peke yake. Akaichukua ile aliyoiacha bintiye, akaila mpaka ikaisha.